Kontena Halijajaa? Zunguka Guangzhou Uone Uchina Ilivyopokonywa Bandari

Wafanyabiashara ninaowapokea Guangzhou wana tabia moja. Kiwanda kikishasema mzigo utakuwa tayari keshokutwa, wanajifungia hotelini Xiaobei na simu, wanapigiana na Kariakoo mpaka chaji inaisha. Wanaoniuliza niwapeleke wapi wanategemea nitaje mnara mrefu wa kupigia picha. Mimi nawapeleka kuangalia forodha. Ni wakala wa mizigo, ushuru ndio unaonilisha, na kwa macho ya kazi yangu sijaona mji mzuri kama huu wa kuelewa namna nchi kubwa inavyoweza kuachiwa bendera pamoja na mfalme wake, halafu ikapokonywa bandari.

Maana Uchina haikutawaliwa kama Tanganyika au Kenya. Hakuna gavana wa Kiingereza aliyekaa Beijing, na mfalme alibaki kitini hadi 1912. Kwa hiyo usizunguke ukitafuta ikulu ya mkoloni. Beba maswali matatu: nani alipanga ushuru, nani alihukumu kesi watu walipogombana, na nani alikaa ufukweni penye gati. Mtu wa biashara anayaelewa maswali hayo upesi kuliko mwanafunzi wa chuo.

Tenga siku mbili, moja ya mjini na moja ya Humen. Beba pasipoti yenyewe, si kopi. Makumbusho mengi huitaka mlangoni na treni ya kasi hupandi bila hiyo. Jumatatu usijisumbue, makumbusho mengi hufungwa. Weka malipo ya simu tayari kabla hujatoka hotelini, kwani muuza maji wa njiani anaweza kukuangalia tu ukimnyooshea noti. Na kuanzia Mei hadi Septemba, toka asubuhi mapema.

Anzia Shisanhang, unapopajua tayari

Kama unauza nguo, Shisanhang huhitaji kuelekezwa. Majengo ya jumla, vijana wanaburuta mafurushi yaliyofungwa kwa plastiki nyeusi, dada wa duka anajipima blauzi juu ya blauzi aliyovaa ili uone inavyokaa, na bei haisemwi mara mbili. Ukifika saa nne umechelewa. Wengi tumenunua pale bila kuuliza kulikuwa na nini kabla ya maduka.

Shuka kituo cha metro cha Culture Park, nunua kwanza ulichofuata, kisha nenda ukasimame upande wa mto. Mwaka 1757 mfalme Qianlong aliamuru meli za Ulaya zifanye biashara Guangzhou peke yake. Mzungu alipangishwa ghala hapa ufukweni, nje ya ukuta wa mji. Mke hakuruhusiwa kuja naye. Mjini hakuingia, na msimu wa biashara ukiisha alifungasha akaenda Macau. Hakununua wala kuuza ila kupitia kikundi cha wafanyabiashara wa Kichina wenye leseni, na hao ndio waliomdhamini mbele ya serikali. Mkubwa wao, Wu Bingjian, ambaye Wazungu walimwita Howqua, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia ya wakati wake. Mteja akinilalamikia kwamba hapa mtu hafiki kiwandani bila wakala, namwambia utaratibu huo una babu yake, na babu amezikwa chini ya maduka haya. Maghala yaliungua mwaka 1856, vita vya pili vya Uingereza na Uchina vilipoanza.

Tatizo lilikuwa chai. Waingereza walikunywa nyingi kuliko bidhaa walizoweza kuwauzia Wachina, tofauti ikalipwa kwa madini ya fedha. Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki ikapata dawa ya tatizo hilo Bengal: afyuni, yaani kasumba, kilevi cha kuvuta. Uchina ilikuwa imeshaipiga marufuku, kwa hiyo Kampuni iliitengeneza na kuinadi Calcutta, ikawaachia wafanyabiashara binafsi waivushe bahari, jina lake lisionekane kwenye magendo. Meli zilitia nanga kisiwani Lintin, mdomoni mwa mto, na mashua za makasia za Wachina zikamalizia safari usiku. Mwishoni mwa miaka ya 1830 yaliingia masanduku kama 40,000 kwa mwaka, kila moja kilo sitini na ushee. Hapa huwa siwafichi wageni wangu: pesa ile haikuliwa na Mzungu peke yake. Wapiga makasia walikuwa wenyeji, askari wa doria walihongwa, maofisa walipata fungu lao. Anayejua bandari hashangai.

Lakini usiishie kwa wavutaji afyuni, ambao ndio kila mtu huwataja. Fuata fedha ilivyomfikia mkulima ambaye hakuwahi kuiona afyuni kwa macho. Kodi yake ilihesabiwa kwa wakia za fedha, ilhali mchele wake aliuza kwa sarafu za shaba. Wakia iliyobadilishwa kwa sarafu 1,000 hivi mwanzoni mwa karne ilipita 1,600 kufikia miaka ya 1840. Hakuna aliyetangaza kupandisha kodi, na bado alilipa zaidi kwa zaidi ya nusu. Afyuni haikuwa sababu pekee, kwani migodi ya fedha ya Amerika ya Kusini nayo ilikuwa imeyumba. Ila kwa mkulima hilo halikubadili kitu. Mama mmoja wa Gerezani anayechukua mapazia alinisikiliza hapo akacheka: "Kumbe ni yuani na shilingi tu." Ndiyo, mama, ni hiyo hiyo.

Soma mkataba kama unavyosoma bili ya mzigo

Usiku wa kuamkia mzunguko, pakua Mkataba wa Nanjing kwenye simu. Una vifungu 13 tu, unamalizika kabla wali haujaletwa mezani. Ulitiwa saini tarehe 29 Agosti 1842 ndani ya manowari ya Kiingereza Cornwallis, baada ya Uchina kushindwa na Uingereza katika vita vya kwanza vya afyuni. Wengi wanakimbilia kifungu cha tatu, kinachotoa kisiwa cha Hong Kong. Wewe nenda kwenye namba. Dola za fedha milioni 21: sita fidia ya afyuni ya Waingereza iliyoteketezwa na Uchina mwaka 1839 (utaikuta Humen siku ya pili), tatu madeni ya wafanyabiashara wenye leseni wa Guangzhou, 12 gharama za vita. Yaani aliyepigwa alilipia risasi. Kisha bandari tano zikafunguliwa, Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai, na kikundi cha kina Howqua kikavunjwa. Neno afyuni limetajwa kwenye fidia tu. Kuhusu kuiruhusu au kuikataza, kimya. Ilikuja kuhalalishwa mwaka 1858, kwa kutozwa ushuru.

Sumu yenyewe iko kwenye nyongeza, kama kawaida ya mikataba. Nyongeza hiyo ilisainiwa Humen, Oktoba 1843. Mwingereza akitenda kosa Uchina, atahukumiwa na balozi mdogo wake. Na chochote Uchina itakachompa taifa jingine, Mwingereza naye anapata bila kuomba. Wamarekani na Wafaransa wakaja na mikataba yao 1844, kila mmoja akiwa na kipengele kama hicho, na tangu hapo mlango uliofunguliwa kwa mmoja ulikuwa wazi kwa wote. Ushuru wa bidhaa ukawekewa kiwango cha karibu asilimia tano, na serikali ya Uchina haikuwa na ruhusa ya kuupandisha peke yake mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Fikiria waziri wa fedha asiyeweza kugusa ushuru wa vitambaa viwanda vyake vikifa.

Kwetu pwani asilimia hiyo si ngeni. Sayyid Said alisaini na Wamarekani mwaka 1833 mkataba wenye ushuru wa asilimia tano, na balozi mdogo wao akapewa kuhukumu kesi za Wamarekani wao kwa wao. Mkiwa watu wa Unguja kwenye msafara, hapa huwa panachukua muda.

Kutoka jengo la forodha mpaka Shamian

Kutoka Shisanhang teremka Yanjiang Xi Lu, mto ukiwa kando yako, mpaka kwenye jengo la mawe lenye nguzo na mnara wa saa. Hiyo ndiyo forodha, ilimalizika mwaka 1916 na saa yake ililetwa kutoka Uingereza. Watu wanaipita wakikimbilia boti. Simama. Kwa miongo mingi forodha ya Uchina iliendeshwa na wageni. Robert Hart, mtu wa Ireland, alikuwa mkuu wake kuanzia 1863 hadi 1911. Kwa karatasi alikuwa mtumishi wa mfalme wa Uchina. Nitasema haki yake: ilikusanya vizuri na rushwa ilipungua sana kuliko zamani. Ila angalia mapato yalikwenda wapi. Baada ya uasi wa Mabondia, Wachina walioinuka dhidi ya wageni, mkataba wa 1901 uliitoza Uchina wakia milioni 450 za fedha, zilipwe kwa miaka 39 na riba juu, na dhamana kubwa ilikuwa mapato ya forodha. Mteja wangu mmoja, mzee mtaratibu asiyeongea sana, aliangalia saa ile akauliza, "Sasa walimu wa shule walilipwa na nini?" Sikuwa na haja ya kuendelea kueleza.

Endelea magharibi kando ya mto mpaka uone mfereji mwembamba na daraja. Ng'ambo ni kisiwa cha Shamian. Kilikuwa tuta la mchanga. Kuanzia 1859 Waingereza na Wafaransa walilijaza, wakajenga ukingo wa mawe, wakachimba mfereji ule ili kukitenga na mji. Sehemu nne kati ya tano za Waingereza, moja ya Wafaransa. Leo ni pazuri mno: miti mikubwa iliyotanda kivuli, nyumba zenye veranda ndefu ambazo mtu wa Mombasa au Mji Mkongwe atadhani anazijua, na maharusi wanaopigwa picha kila kona. Usiingie na kuanza kupiga picha. Simama kwanza darajani uangalie upana wa mfereji. Mtoto wa shule angeurukisha jiwe. Umbali huo mdogo ndio ulioamua sheria ya nani inakuhusu.

Ndani, upande wa mashariki utakuta kanisa dogo la Kikatoliki la Wafaransa, upande wa magharibi la Kianglikana la Waingereza, na katikati benki, ofisi za meli na balozi ndogo. Wachina walipika, walifua, walitunza hesabu na kufunga milango. Usiku ukifika hapakuwa pao. Mwaka 1924 Mvietnam mmoja, Pham Hong Thai, alirusha bomu kwenye chakula cha jioni cha gavana mkuu wa Indochina, Martial Merlin, hapa Shamian. Merlin alipona, kijana akafa mtoni akikimbia. Wenye kisiwa wakaamuru kila Mchina aonyeshe pasi yenye picha ili aingie. Wapishi, madobi na makarani wakatoka wote, Wazungu wakabaki wakijipikia, na baada ya zaidi ya mwezi pasi zikafutwa. Napenda kulisimulia hilo nikiwa nimekaa kwenye benchi pale ndani, kwa sababu hadithi za Uchina zinazoandikwa kwa haraka huwafanya Wachina watu wa kufanyiwa tu.

Ukitoka, vuka daraja la kaskazini. Barabara unayoikanyaga inaitwa Liu'ersan Lu, yaani tarehe 23 Juni. Siku hiyo mwaka 1925, wafanyakazi, wanafunzi na kadeti waliandamana hapa kupinga mauaji yaliyofanywa na polisi wa mtaa wa kigeni Shanghai mwezi uliotangulia. Walipopita mkabala na kisiwa, askari wa Kiingereza na Kifaransa walifyatua risasi kuvuka mfereji. Walikufa zaidi ya 50. Lipo jiwe la kumbukumbu. Kilichofuata kiliwauma Waingereza kuliko bunduki: mgomo wa Hong Kong na Guangzhou, watu zaidi ya laki mbili, kuanzia Juni 1925 hadi Oktoba 1926. Makuli, mabaharia na watumishi wa nyumbani waliiacha Hong Kong, meli za Kiingereza zikasusiwa. Kwa mtu anayeishi kwa meli kufika, jaribu kufikiria miezi 16.

Nyuma ya barabara kuna soko la Qingping, la dawa za mitishamba: magunia ya uyoga mkavu, viumbe vya bahari vilivyokauka vimepangwa kama vijiti, harufu inayokwama kwenye nguo. Pita, lakini usinunue kitu ambacho forodha ya nyumbani itakuuliza.

Kanisa kuu la mawe la Moyo Mtakatifu, karibu na kituo cha Yide Lu, litakuchukua dakika chache. Wakatoliki wengi wa Kiafrika wanalijua kwa misa. Lilijengwa 1863 hadi 1888 mahali palipokuwa makao ya Ye Mingchen, mtawala wa jimbo aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1858 akapelekwa Calcutta, akafia huko. Wachina walipokuja kuwachukia wamishonari, kiwanja cha namna hii kilikuwa sehemu ya sababu.

Na kama umepanga Sanyuanli, kama wengi wetu, una makumbusho karibu na chumba chako: hekalu dogo ambalo wanakijiji walikutania Mei 1841 wakapandisha bendera nyeusi yenye nyota tatu na kuwashambulia Waingereza waliokuwa wanazurura vijijini. Mvua ilinyesha, bunduki zikalowa, kikosi cha askari wa Kihindi kutoka Madras kikapotea kwenye mashamba ya mpunga. Mwishowe ofisa wa Kichina mwenyewe ndiye aliyewaamuru wanakijiji warudi makwao. Maelezo ya ukutani yanaukuza ushindi; mimi nakushauri uangalie zaidi hapo kwa ofisa. Watu wa Guangdong hawakumsahau, na hasira dhidi ya serikali yao ilianza kukaa pamoja na hasira dhidi ya mgeni.

Siku ya pili: Humen

Panda treni ya kasi Guangzhou Nan, ni mwendo mfupi, halafu teksi. Wauza vitambaa mnaijua Humen kwa masoko yake. Mwambie dereva makumbusho ya Lin Zexu kwanza, ngome za Weiyuan baadaye, kwa sababu ngome ni za wazi na jioni kuna upepo.

Lin alifika Guangzhou Machi 1839 akiwa ametumwa na mfalme kuikomesha afyuni. Aliyazingira maghala yale ya Shisanhang, akaondoa wapishi na watumishi, akasubiri. Mwakilishi wa Uingereza, Charles Elliot, alikabidhi masanduku zaidi ya 20,000. Hapa makini: aliwaambia wafanyabiashara wamkabidhi yeye kwa niaba ya serikali ya Uingereza. Shehena ya magendo ikawa mali ya serikali kwa sentensi moja, na ndiyo ile milioni sita uliyoisoma kwenye mkataba. Sijawahi kuona hati ya mzigo iliyobadilishwa mwenye mali kwa gharama kubwa namna hiyo.

Kuanzia tarehe 3 Juni, kwa zaidi ya majuma matatu, afyuni iliteketezwa hapa ufukweni. Haikuchomwa moto, kama wengi wanavyodhani. Mashimo yalitandikwa mawe na mbao, yakajazwa maji na chumvi, madonge ya afyuni yakakatwakatwa na kutupwa humo, kisha chokaa. Yalichemka yenyewe. Wafanyakazi walikoroga wakiwa wamesimama juu ya mbao, walipekuliwa kila walipotoka, na maji ya bahari yalipokupwa mlango ulifunguliwa yakatoka na uji ule. Lin aliandika maombi ya kuitaka radhi bahari kwa uchafu huo. Alimwandikia pia malkia Victoria barua. Mfalme wake alimlipa kwa kumhamishia Xinjiang, vita vilipogeuka.

Pale Weiyuan angalia mizinga. Imeelekezwa mtoni na haizunguki, na mgongo wa ngome haukulindwa. Waingereza walikuwa na Nemesis, meli ya chuma ya mvuke iliyoingia hata kwenye maji ya kina kifupi, na walishusha askari pembeni. Amiri Guan Tianpei alifia hapa Humen tarehe 26 Februari 1841.

Siku ya kuondoka

Ndege nyingi za kwetu huondoka usiku, kwa hiyo una mchana mzima. Uwanja wa Baiyun umeingia wilaya ya Huadu, na huko Huadu kuna kijiji cha Guanlubu, kwao Hong Xiuquan. Alikuwa kijana aliyefeli mitihani ya serikali Guangzhou, akapewa vijitabu vya Kikristo mtaani mwaka 1836, na baadaye akatangaza kwamba ni mdogo wake Yesu. Vita vya Taiping alivyoviongoza kusini na katikati ya Uchina, 1851 hadi 1864, huhesabiwa kuwa viliua watu wapatao milioni 20 au zaidi.

Wazungu hawakuvianzisha. Lakini rudi kwenye zile bandari tano. Kabla ya 1842 chai ilibebwa mabegani kuvuka milima kuja Guangzhou. Shanghai ilipofunguliwa ikashukia huko, karibu na mashamba yake, na wapagazi na wapiga mashua wa kusini wakabaki bila kazi. Wengi wa watu wa aina hiyo walimfuata Hong. Nyumba yake imejengwa upya, chumba cha kusomea kipo, na pembeni ni shule aliyofundisha. Onyesha dereva jina la kijiji kwa herufi za Kichina, matamshi yetu hawayashiki, na mwambie akusubiri, maana teksi za kurudi pale ni za shida. Mizigo yako mikubwa iache hotelini uipitie, na hakikisha umeshaniachia orodha ya vifurushi iliyosainiwa kabla hujapanda ndege.